Tangi la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kuniona nikitafuna, na mimi sijawahi kuona kitanda chake. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wasukuma. Na ndivyo nilivyofunga tangi la uduvi chumbani kwake bila kukanyaga kizingiti, nikiwa nimekaa sebuleni juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso nimeuelekeza ukutani, maagizo nikiyapitisha kwenye pazia.

Naitwa Luhende, fundi matangi mwenye leseni ya Kituo cha Uduvi. Nasema bila kuona haya kwamba katika mji huu hakuna anayenizidi. Nimefunga matangi kwenye nyumba za udongo na kwenye ghorofa zenye lifti, na mpaka leo sijaua mdudu hata mmoja kwa uzembe.

"Changarawe zimeoshwa?" niliuliza.

Mke wangu Nyanzobe alikuwa ndani na mama yake, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu sote wawili, kwa sababu mkwilima, yaani mume wa binti, hamsemeshi mama mkwe wake hivi hivi kama anayenunua vitunguu.

"Mama, anauliza kama changarawe zimeoshwa."

"Mwambie zimeoshwa mpaka zimeanza kuona aibu," Mayu alijibu; Mayu ni mama kwa Kisukuma, nami ndivyo ninavyomwita mama mkwe. Nilimsikia vizuri kabisa, maana pazia ni kitambaa tu.

"Anasema zimeoshwa," Nyanzobe akaniletea.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini tangi lisikae sebuleni tukaondokana na taabu hii. Sebule ya Mayu imeezekwa bati na ikifika saa sita inaoka mkate. Chumba chake ndicho pekee chenye kuta nene za udongo, na uduvi wanataka ubaridi. Nilipendekeza Nyanzobe aingie na simu, mimi nitazame kwa kamera. Mayu alikataa palepale. "Jicho ni jicho, hata likiwa la simu," alisema, na sikuwa na la kubishia.

Basi tukaendelea. Changarawe chini, kimo cha vidole viwili. Juu yake jiwe moja lenye matundu na kishada cha majani ya majini, ili wakitaka kujificha wapate pa kujificha. Kisha majani makavu ya mkungu, yanayoyapa maji rangi ya chai nyepesi na kuwapa uduvi kitu cha kuguguna. Pembeni sifongo la kuchujia, linalovutwa na pampu ndogo ya hewa inayokula umeme wa paani. Maji ya kisima yalilala kwenye ndoo kwanza, ndipo yakamiminwa taratibu juu ya sahani ili yasichimbe changarawe.

"Na shaba yoyote itoke," nilisema. "Kijiko, waya, bangili. Shaba ikigusa maji hayo, uduvi watakufa kabla hujamaliza kupiga chafya."

Nilijua Mayu ana bangili ya shaba aliyovishwa na marehemu mumewe, na kwamba hajawahi kuivua. Baada ya muda nikasikia sauti ya sabuni na maji, na mtu akiguna kwa maumivu.

"Imetoka," alisema Nyanzobe, safari hii bila kutumwa.

Uduvi wenyewe sikuwapeleka siku hiyo. Tangi jipya ni nyumba isiyo na moto jikoni. Lazima likae wiki kadhaa mpaka vijidudu visivyoonekana viote kwenye sifongo na kwenye mawe, vile vinavyokula uchafu wa uduvi kabla haujawa sumu kwao. Sisi mafundi tunasema maji yaive. Fundi wa kubabaisha anatia uduvi siku hiyohiyo, kisha anarudi kuzika. Yalipoiva nilileta uduvi kumi ndani ya mfuko, nikamfundisha Nyanzobe kuyaingiza maji ya tangi humo tone kwa tone kwa mpira mwembamba, wazoee kidogo kidogo. Walipoachiwa ndani, nilimsikia Mayu akiwaamkia kama wageni waliotoka safari ndefu: "Wangaluka! Karibuni, hapa ni kwenu."

Kishikwambi changu kikaniuliza: umelikagua tangi hili kwa macho yako mwenyewe? Nikabonyeza ndiyo. Niliona fundi anayejua kazi anaweza kulikagua tangi kwa masikio.

*

Magamba ndiyo yaliyoniumbua.

Uduvi hawa si wa mtoni. Maji ya visima vyetu yana aseniki, iliyovuja kutoka kwenye marundo ya machimbo ya zamani, na hata mvua inaoga vumbi la marundo hayo kabla haijafika kwenye mitungi yetu. Mashine za kuchuja zililetwa zikafa. Ndipo Kituo kikatengeneza uduvi ambao tumboni mwao mna vijidudu vinavyokamata sumu na kuisukuma kwenye gamba. Uduvi akikua anajivua gamba, nawe unaliokota kwa kijiko cha mti na kuliweka kwenye kopo. Kila mwezi fundi anayapeleka magamba Kituoni yakafungiwe chini ya zege. Maji yanayobaki kwenye tangi, mtoto mchanga anakunywa.

Ila wanaishi mwaka mmoja tu. Wametengenezwa majike watupu wasiozaa. Ndiyo maana foleni ya kuwapata ni ndefu, na wapo wanaosubiri mpaka viganja vinaota vijipele vigumu kama punje za mtama. Huko Igunguhya nilikozaliwa, kaka yangu hawezi tena kushika jembe. Foleni ya Igunguhya haijaanza hata kusogea.

Kopo la Mayu lilikuwa zito. Nilipolipokea kutoka mkononi mwa mke wangu nilijua kabla ya kufungua kwamba uduvi kumi hawawezi kujaza chombo kile. Nikayamwaga magamba kwenye sinia. Mengine yalikuwa ya kawaida. Mengine yalikuwa madogo, membamba, kama kucha za kichanga.

"Nyanzobe," nilisema, "muulize mama kama ameona kitu chochote chini ya matumbo yao."

Hakusubiri kuulizwa. "Mayai!" Mayu alisema kwa furaha kutoka ndani. "Mwambie watatu wamebeba mayai ya kijani, wanayapepea kwa miguu usiku na mchana. Na watoto wamejaa kwenye majani. Nyumba hii imebarikiwa."

Nilichukua magamba madogo, nikayasaga, nikatia tindikali na karatasi ya kipimo. Karatasi ikageuka njano, kisha kahawia iliyoiva. Watoto nao walikuwa wanakamata sumu sawasawa na mama zao. Maabara ilifunga mlango kwa makufuli yote, na uhai ukapitia dirishani, chumbani kwa mwanamke nisiyeruhusiwa kumtembelea.

Sheria niliijua kwa moyo. Tangi likizaa, chemsha siku hiyohiyo. Sababu yake nayo naijua, wala si ya kipuuzi. Uduvi mmoja mwenye mayai akifika kwenye lambo letu atalijaza kizazi chake. Samaki watakula uduvi, na sisi tutakula samaki, na sumu yote tuliyoikusanya gamba kwa gamba itarudi mezani ikiwa imekaangwa.

Lakini mbele yangu palikuwa na sinia la magamba lililoniambia kwamba foleni imekwisha. Tangi moja lingejaza matangi mawili, na mawili manne. Kaka yangu angekunywa maji safi kabla ya mavuno.

"Hatuchemshi," nilisema.

Nyanzobe alitoka nje ya pazia akanitazama. "Na masika?"

"Masika nini?"

"Mwaka juzi maji yaliingia humu mpaka kwenye godoro la mama. Yakiingia tena yatatoka na nini?"

"Igunguhya ni mwamba mtupu," nilimwambia. "Hakuna mto, hakuna lambo, hakuna hata dimbwi la vyura. Uduvi wakimwagika kule wanakauka. Nitawahamishia huko wote kimyakimya, nitawafungia matangi ya mfuniko, na wewe utakuja kuniambia ahsante."

Nilijiamini, kwa kweli. Hata sasa nikiipima hesabu ile sioni ilipokosea kuhusu uduvi. Nilichosahau ni watu.

Ndani ya chumba Mayu alikohoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakupitia kwa bintiye: "Holo alikuja wiki iliyopita."

Sikujua kama naruhusiwa kumjibu.

"Akawatazama, akasema, 'Mbuke, wanao ni wazuri.' Sasa mtu akikusifia kitu chako, utamwacha aondoke mikono mitupu? Nikamkingia wachache kwenye kibuyu."

Holo ni rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Nyumba yake iko bondeni, na choo chake kimepakana na lambo.

*

Tulitoka kwa utaratibu wa heshima: Mayu mbele, Nyanzobe katikati, mimi nyuma hatua nyingi, kama watu wasiofahamiana. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa machimbo. Mayu hakusema neno njia nzima. Kwetu zawadi ikishatoka mkononi haina mwenyewe tena, na anayekwenda kuidai anakwenda kujivua nguo barabarani.

Holo alikuwa uani akipepeta mtama. Mtungi wake ulikuwa chini ya kivuli cha ukuta, umefunikwa kitenge. Alituona watatu, akaona nyuso zetu, akaweka ungo chini.

"Kuna msiba?"

"Bado," alisema Mayu. "Holo, nimekuja kuchukua vile vitu."

Holo alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwenzake katika kicheko, alisimama akaenda kukaa kando ya mtungi wake.

"Fundi, hebu nieleze wewe," alisema. "Wewe si mkwe wangu, mimi unaweza kunitazama."

Nikamtazama. Nilimweleza yote: mayai, lambo, samaki, sumu inavyorudi. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza siku zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha viganja vyake viwili juani. Vilikuwa vimejaa vile vijipele.

"Wajukuu wangu wawili wanaishi humu," alisema. "Tangu wiki iliyopita wanakunywa maji ya mtungi huu, na nimelala usingizi. Miaka yote nimekaa kwenye foleni yenu. Sasa niambie kwa mdomo wako, usitumie mtu, kwamba leo jioni nirudi kuwapa maji ya kisima. Sema tu. Nitakupa mtungi."

Ningejibu mkaguzi yeyote wa Kituo, lakini mwanamke yule alikuwa ameomba jambo dogo mno.

Akamgeukia Mayu. "Na wewe, Mbuke. Wa kwako umeshawachemsha?"

Mayu aliinamisha kichwa.

"Aa. Kumbe wangu ndio wenye sumu, wako wana baraka."

Neno lile lilinipata mimi zaidi kuliko mama mkwe. Mimi ndiye niliyetaka kuwanyang'anya watu wa bondeni na kuwaficha uduvi wa chumbani niwapeleke kwetu. Na huko Igunguhya, nani angemzuia shangazi fulani kumkingia mgeni uduvi watano kwenye kibuyu, mgeni akapanda basi nao hadi ziwani? Uduvi hawatembei. Watu ndio wanaotembea, na watu wetu hawaendi kutembeleana mikono mitupu. Sikutaka tuwe watu wa namna nyingine.

"Mayu," nilisema.

Nyanzobe alishtuka. Holo alishika kifua. Mama mkwe wangu aligeuka polepole, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yangu tukatazamana usoni. Ana macho ya mke wangu. Sikuwa nimejua hilo.

"Sema, Luhende."

"Nilitia sahihi kwamba nimeliona tangi lako. Sikuliona. Ningeliona wiki ya pili ningewakuta na mayai, na tusingekuwa hapa. Leo nataka kuliona."

"Utaliona," alisema. "Wangu kwanza, ndipo wa Holo."

"Na wajukuu?" Holo aliuliza, mkono bado juu ya mtungi.

"Watakunywa maji ya kwangu," nilisema. "Nina tangi halali nyumbani, uduvi kumi wasiozaa, wana miezi miwili tu. Nitalifunga hapa leo, kabla ya mvua. Mayu atachota kwako."

"Na nyinyi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangi lile si langu peke yangu. Nikamgeukia Nyanzobe kumwomba ruhusa, nikakuta mgongo wake. Alikuwa amekwishaanza kupanda mlima, kanga ameikaza kiunoni.

"Sisi tutarudi kwenye foleni," alisema bila kugeuka. "Njoo unisaidie kubeba, kioo kile ni kizito."

*

Mchana ule nilifunga tangi la Holo, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Sifongo lilikuja limeiva, changarawe zake, majani yake, na sehemu kubwa ya maji yake, hivyo uduvi hawakuona tofauti ila mwanga. Nililiweka juu ya matofali, kimo cha kifua, nikalifunga mfuniko kwa skrubu. Mjukuu mdogo wa Holo alibandika pua kwenye kioo akakataa kuondoka.

Uani, Mayu alikuwa amewasha moto wa mafiga mwenyewe. Aliteremka kutoka kwake na uduvi wote wa tangi lake ndani ya ndoo kichwani, akaiweka chini mbele yangu, akakaa upande wa pili. Hakuna aliyesimama katikati yetu.

"Angalia," alisema. "Ulitaka kuona."

Niliinama. Wakubwa walikuwa na rangi ya bluu, wakitembea juu ya majani kwa miguu mingi myepesi. Watoto walikuwa kama vumbi linaloelea kwenye mwale wa jua, ila kila chembe ilikuwa na macho mawili na shughuli yake. Mmoja mkubwa alisimama chini ya ukingo wa ndoo akipepea mayai. Nilikuwa nimefunga matangi kwa miaka kumi na sikuwa nimewahi kuona uduvi wetu akibeba mimba. Nilitamani kaka yangu awaone. Niliumia, na sikujificha.

"Nimewalisha kwa mkono wangu," alisema Mayu. "Jana niliwasikia wakila. Wewe unajua kwamba wanasikika?"

"Najua, Mayu."

"Basi fanya haraka."

Nikatoa mfukoni chupa ya sampuli. Kanuni inataka fundi apeleke Kituoni uduvi mmoja wa tangi lililozaa, akiwa ndani ya spiriti, amekufa, ili mkemia amwandike na kumtupa. Niliimwaga spiriti kwenye mchanga. Nikaisuuza chupa, nikatia maji ya ndoo na kipande cha jani, nikamkinga yule mwenye mayai aingie mwenyewe. Nilikaza kizibo chenye tundu la hewa.

"Huyo vipi?" Holo aliuliza.

"Huyu nakwenda naye kesho asubuhi, mlango wa mbele, mchana kweupe. Nitawaambia tangi lilizaa, magamba ya watoto yana sumu, na sahihi yangu ilikuwa ya uongo. Leseni watachukua wakitaka. Lakini pale Kituoni wana kuta, wana vichujio, wana kila kitu cha kuwalea wasitoke. Igunguhya inaweza kupata uduvi wake kutoka kwenye chupa hii."

"Na wakisema achemshwe?"

"Wanaweza kusema hivyo."

Maji ya sufuria yalikuwa yanatokota. Mayu alishika mkono mmoja wa ndoo, mimi nikashika wa pili. Tukainua pamoja, tukamimina, na mtungi wa Holo ukafuata. Waligeuka wekundu wote mara moja. Hatukutazama pembeni, si yeye wala mimi, mpaka povu likafunika kila kitu. Kisha nilizima moto, na mvua ikaanza kugonga bati la Holo.

Niliiweka chupa mfuko wa shati, mahali penye joto la kadiri. Mkemia wa Kituo ni mtu mwema. Husaini amri za kuchemsha asubuhi, akinywa chai, kwa kusoma namba tu. Kesho atamkuta huyu mezani kwake, akiwa hai, anapepea mayai yake. Itambidi aamue akimtazama.